Bega kwa Bega Kandokando ya Ziwa Kivu



Miongoni mwa barua zilizofika mezani petu mwezi huu imo moja ya mama mmoja, mke wa askari, ambaye ameomba jina lake lisichapwe. Mume wake amerejea karibuni kutoka Cabo Delgado, nchini Msumbiji, ambako askari wetu walikwenda kwa mara ya kwanza mwaka 2021. Amepewa likizo ya mwezi mmoja. Mama huyu aeleza kwamba siku ya kwanza ilikuwa ya shangwe, ya pili ikawa ya hadithi, na ya tatu maneno yakaisha. Sasa baba huketi sebuleni na redio yake, mtoto wao wa miaka kumi na mmoja huketi uani na mpira wake, na mama hupita kati yao kama tarishi, akichukua maneno ya huyu kumpelekea yule. Hana ugomvi na mumewe. Analouliza ni hili tu: wafanye nini na siku zilizobaki, ili mtu huyu asirudi kikosini akiwa mgeni kama alivyokuja?

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumfukuza mgeni wala kumtumikisha. Maana yake ni kumtoa katika ugeni kwa kumtia katika kazi ya nyumba. Jibu langu kwa mama huyu limetoka katika methali hiyo, ila badala ya jembe nitasema baiskeli. Mpe baba baiskeli, mpe mtoto baiskeli, nawe mama shika ya kwako, kisha nendeni mahali ambapo hapana magari. Juu ya mahali hapo, na juu ya namna ya kwenda, ndipo ukurasa wetu utakapozungumza wiki hii.

SABABU YA KUKIMBIA MAGARI

Pengine msomaji atauliza: kwa nini tusiende kwa barabara ya lami, ambayo ni laini na ipo karibu? Jibu analijua kila aliyepata kuendesha baiskeli kwenye lami pamoja na mtoto wake. Huko hulazimika kufuatana mmoja nyuma ya mwingine, kama siafu. Baba akiwa mbele hasikii asemacho mtoto, na akiwa nyuma hasemi naye ila kwa amri: shika kando, punguza mwendo, angalia lori. Ndivyo siku nzima inavyopita kwa amri na hofu, na jioni wote wamechoka bila ya kuwa wamezungumza. Askari aliyetoka katika kazi ya amri hakuhitaji safari ya kumrudisha huko huko.

Katika njia isiyo na magari, watu watatu waweza kwenda sambamba. Sikio huwa huru kusikia, na jicho huwa huru kutazama mbali. Tena kuna jambo ambalo walimu wa watoto wadogo hulifahamu vema: mtoto akiketishwa mbele ya mtu mzima na kuulizwa maswali, aghalabu hujibu kwa ndiyo na hapana. Lakini mtu mzima huyo huyo akifanya kazi kando ya mtoto, wote wawili wakitazama jambo moja lililo mbele yao, ulimi wa mtoto hulegea wenyewe. Na watu wazima hawako mbali na hali hiyo.

Wakazi wa Kigali wamekwisha kuonja raha hii. Tangu mwaka 2016, Jumapili zilizopangwa, barabara kadhaa za mji hufungwa asubuhi ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Anayetaka kupima nguvu za jamaa yake kabla ya safari ndefu na aanzie hapo, kwa kuwa hakuna gharama. Naye asidhani kwamba baiskeli ya njia za udongo ni mchezo wa wageni. Adrien Niyonshuti, aliyebeba bendera yetu katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, alishindana kwa baiskeli ya milimani. Na mnamo Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Watoto wetu waliona mashujaa wakipita. Yafaa sasa waone na baba zao wakipanda kilima.

NJIA YENYEWE

Njia ninayoipendekeza ni ile iitwayo Njia ya Kongo-Nile, ambayo yatoka Rubavu hadi Rusizi, urefu wa kilomita 227, katika wilaya tano za Mkoa wa Magharibi: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi. Jina lake limetokana na mgongo wa milima uliosimama juu ya ziwa. Tone la mvua likianguka upande wa magharibi wa mgongo huo huingia Kivu, likashuka kwa mto Rusizi hadi Tanganyika, likatoka kwa mto Lukuga na kujiunga na Kongo, likafika bahari ya Atlantiki. Tone jenzake lililoanguka hatua chache upande wa mashariki huenda na Nile hadi Misri. Mwulize mtoto wako, mnapopumzika kilimani, ni tone lipi lenye safari ndefu zaidi. Somo la jiografia halitapata darasa bora kuliko hilo.

Hapo zamani gari lililotaka kwenda kandokando ya Kivu halikuwa na hiari ila kutambaa juu ya udongo. Katika miaka ya 2010 ikajengwa barabara ya lami iunganishayo Rubavu, Karongi na Rusizi, na mabasi na malori yakahamia huko. Kwa upande wa kaskazini, kati ya Rubavu na Karongi, njia za zamani za udongo na changarawe, zipitazo chini karibu na maji, zilibaki kwa waenda kwa miguu, kwa wenye baiskeli, kwa ng'ombe na mbuzi, na kwa pikipiki moja moja. Kusini hali ni tofauti, kwa sababu sehemu kubwa ya njia imeungana na lami. Kwa hiyo jamaa yenye watoto na ichague kipande cha kaskazini. Watu wazima wenye nguvu hukimaliza kwa siku mbili. Wenye mtoto na wachukue nne, au waende nusu yake na kurudi.

Ukitoka Rubavu utapita Nyamyumba, penye kiwanda cha bia, na penye chemchemi za maji moto ufukoni, ambako watu huja kukanda viungo. Toka hapo njia yaanza kupanda na kushuka, ikizunguka ghuba moja baada ya nyingine. Ufuko wa Kivu haukunyoka. Umekatwa-katwa kama ncha za vidole, na mahali unapopaona kwa macho kuwa ni karibu, huenda ukapafikia baada ya saa nzima. Utakuta migomba, mikaratusi, mashamba ya maharagwe yaliyosimama wima kama ngazi, na kahawa tele. Pale Kinunu na penginepo vimo viwanda vya kuoshea kahawa, na wakati wa mavuno, kati ya Machi na Juni, akina mama husimama mbele ya vichanja virefu wakichambua punje mbovu kwa mkono. Omba ruhusa mtazame. Mtoto anayeona kazi iliyomo ndani ya kikombe kimoja atakuwa na adabu ya namna nyingine mezani.

Jioni mtawaona wavuvi wakitoka. Huenda na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa juu yake na wavu katikati, nao huimba ili makasia yaende pamoja. Wavuacho ni sambaza, samaki mdogo ambaye hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye ni mmoja wa dagaa wale wale wanaoliwa Kigoma na Bujumbura. Mkaange akauke, mtilie chumvi na ndimu, na chakula cha jioni kimekwisha.

Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Halina mamba wala kiboko. Chini kabisa, karibu mita 480, maji yake yamebeba gesi nyingi, na mojawapo ya gesi hizo, metani, huvutwa na mtambo uelekeao karibu na Karongi ili kuzalisha umeme, kazi iliyoanza rasmi mwaka 2016. Watoto wataogelea, bila shaka, lakini fahamuni kwamba ukingo huzama ghafla. Pasipo mtu mzima ajuaye kuogelea, wacheze pale maji yafikapo magotini, wasipite hapo. Huko Karongi kipo pia kisiwa kiitwacho Napoleon, kwa kuwa umbo lake lafanana na kofia ya mfalme yule wa Wafaransa. Ndani yake huishi popo wengi wanaokula matunda, nao wakishtuka huruka kama moshi.

Sitaficha kwamba njia hii ina majonzi yake. Katika milima ya Karongi ipo Bisesero, ambako mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walijihami kwa mawe na mikuki dhidi ya wauaji wenye bunduki. Kumbukumbu ya Bisesero iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2023, pamoja na za Nyamata, Murambi na Gisozi. Mtoto akiona bango na kuuliza, ajibiwe kwa kweli na kwa kipimo cha umri wake. Asiambiwe anyamaze.

MSITU ULIOPUNGUA NA MSITU ULIOBAKI

Juu ya njia hii, upande wa Rutsiro, ndipo ulipo msitu wa Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu huu ulikuwa na zaidi ya hekta 20,000. Ukakatwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na miti ya kupandwa, kisha baada ya mwaka 1994 ukakaliwa na watu waliorejea nchini bila ya kuwa na mahali pa kuishi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulibaki kiasi cha hekta 600 tu. Tangu hapo umekuwa ukirudishwa, na pamoja na msitu wa Mukura umefanywa mbuga ya taifa. Sokwe mtu wamo humo hata leo. Kusini zaidi, kuelekea Rusizi, umesimama msitu mkubwa wa Nyungwe, wenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,000, uliofanywa mbuga ya taifa mwaka 2004 na kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2023. Katika mbuga hizi haifai kujipenyeza na baiskeli kwa njia yoyote uionayo. Uliza langoni, lipa kilichowekwa, ufuate mwongozi.

Naeleza habari za misitu kwa sababu mwenye baiskeli huona lile ambalo mwenye gari halioni. Apitapo chini ya miti, udongo ni mgumu na maji ya mfereji ni safi. Akitoka kwenye miti na kuingia kilima kilicho uchi, mara njia imechimbika, changarawe imekokotwa chini, na maji ya mfereji ni mekundu kama matofali. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliporomosha vilima na kufurisha mito katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na watu zaidi ya 130 wakafa, wengi wao wakiwa wamelala. Rubavu, Rutsiro na Karongi zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia. Msitu peke yake hauwezi kuzuia kila poromoko, lakini mizizi hushika udongo, na kilima kisicho na mizizi hakina cha kukishika.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wetu wafikiri. Lami inapojengwa, sote hushangilia, na ni haki yetu. Lakini barabara ya zamani iliyoachwa na magari isiachwe na watu. Mifereji yake isipozibuliwa, mvua mbili tatu zatosha kuigeuza korongo, na korongo hilo halimdhuru mwenye gari, ambaye amekwisha hama. Humdhuru mama mjamzito anayekwenda zahanati kwa miguu, na kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya viazi. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, askari, polisi na raia hushika majembe pamoja. Ninaomba viongozi wa vijiji waziweke njia hizi za zamani katika orodha ya kazi, sawasawa na barabara nyingine.

MATAYARISHO

Haihitajiki baiskeli ya fahari. Baiskeli yenye gia na tairi pana, kiasi cha inchi mbili, ndiyo ifaayo zaidi. Lakini hata ile nyeusi ya chuma, isiyo na gia, itafika, maadamu mwenyewe hataona haya kuisukuma kilimani. Kabla ya kuondoka, mambo haya yaangaliwe:

1. Breki. Zote mbili zishike, ya mbele na ya nyuma. Mipira iliyolika ibadilishwe nyumbani, si kilimani. Safari hii ina mteremko mwingi kama ilivyo na mpando.

2. Tairi. Zisijazwe hadi kuwa ngumu kama jiwe, kama wengi wafanyavyo. Kwenye changarawe tairi ngumu huruka na kuteleza. Ukiibonyeza kwa dole gumba ikubali kidogo, hapo imefaa.

3. Kiti. Ukiketi, na kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kiti kikiwa chini mno, magoti yataumia kabla ya adhuhuri.

4. Baiskeli ya mtoto. Iwe ya kimo chake. Akisimama juu ya fremu, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kumnunulia kubwa ili aikulie ni kubana matumizi mahali pasipostahili. Naye avae kofia ngumu, na wazazi wavae pia, kwa kuwa mtoto hufuata atendalo mzazi.

5. Vifaa. Pampu, viraka na gundi, mpira wa ndani mmoja wa akiba kwa kila kipimo cha gurudumu, spana, mafuta ya mnyororo, kitambaa safi, dawa ya vidonda na bendeji. Mzigo ufungwe kwenye keria, usibebwe mgongoni.

6. Chakula na maji. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi mbivu na karanga vyatosha kwa mchana. Maji yachemshwe nyumbani, na chupa zijazwe kila mnapopata maji salama. Adabu yetu haipendi mtu ale huku akitembea. Basi ketini kivulini, mkale kwa utulivu. Huo ndio wakati wa maongezi.

7. Majira. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mikavu, na Januari na Februari hufaa pia. Katika masika ya Machi hadi Mei msiende na watoto. Ondokeni saa kumi na mbili alfajiri, na ifikapo saa nane mchana muwe mmefika mahali pa kulala. Kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kilomita ishirini kwa siku katika vilima hivi ni nyingi. Viwanja vya kupiga hema na nyumba za wageni vimo njiani, nanyi ulizieni nafasi kwa simu kabla ya kuondoka.

UTARATIBU WA NJIANI

Katika doria, mkuu ndiye apangaye mwendo. Katika safari ya jamaa kanuni ni kinyume: mwenye mwendo mdogo ndiye atanguliaye, na wengine humfuata au kwenda kandoni mwake. Mkabidhini mtoto ramani. Akikosea njia panda, mwacheni agundue mwenyewe, muda wa kuwa hapana hatari. Afande wa kambini si afande wa safari hii.

Mteremkoni, shika breki zote mbili, achia, shika tena. Usizing'ang'anie mfululizo, maana huota moto na kupoteza nguvu. Kaa nyuma kidogo juu ya kiti, pedali ziwe sawa, macho yatazame mbali badala ya kutazama jiwe lililo mbele ya gurudumu. Anayetazama jiwe huliendea.

Wapisheni wenye mizigo. Mtakutana na vijana wanaosukuma mikungu ya ndizi, makopo ya maziwa na magunia. Wao wako kazini nanyi mko likizoni, na baiskeli yenye mzigo ikisimamishwa kilimani ni taabu kuiondoa tena. Msalimieni kila mtu: mwaramutse asubuhi, mwiriwe baada ya adhuhuri. Watoto wa vijijini watawakimbilia kwa furaha. Msiwarushie pipi wala fedha. Shukeni, mwatembeze nao baiskeli hatua chache, nao watakumbuka hilo zaidi.

Nina neno moja kwa akina baba. Mama asiachwe nyumbani ati apike na kulinda mji. Mwenye barua aliyetuandikia amekuwa tarishi kati ya baba na mtoto, na tarishi naye huchoka. Kama hajui kuendesha, afundishwe uwanjani jioni tatu au nne: kiti kishushwe hadi miguu yake ifike chini, pedali ziondolewe, ajifunze kwanza kusukuma kwa miguu na kushika mizani, ndipo pedali zirudishwe. Na wanaocheka mwanamke juu ya baiskeli, tuwaachie kicheko chao.

FAIDA NILIYOISHUHUDIA

Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilifuatana njia hii na jirani yangu, sajini wa polisi, pamoja na mkewe na binti yao wa miaka kumi na mitatu. Sajini alikuwa amerudi kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati baada ya mwaka mzima wa kulinda amani. Siku ya kwanza alitangulia mbele, akatoa maelekezo, na binti akaitikia kwa adabu. Siku ya pili tukafika kwenye mpando mkali, sote tukashuka. Mimi na mkewe tulikuwa nyuma. Baba na binti wakawa wanasukuma sambamba, pumzi zimewajaa, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutoa amri.

Tukamsikia binti akisema jambo ambalo mama yake alikuwa akilijua siku nyingi. Viatu alivyoletewa na baba kutoka safarini havikumwenea. Baba alikuwa amevinunua kwa kipimo alichokikumbuka, kipimo cha mguu wa mwaka uliopita, na binti alikuwa amevificha chini ya kitanda majuma mawili ili asimvunje moyo. Sajini akasimama. Akautazama ule mguu uliokuwa kando ya pedali, akautazama tena, kisha akacheka kicheko ambacho mkewe aliniambia hakukisikia tangu aondoke. Halafu akauliza ni mambo gani mengine yaliyobadilika. Orodha ilikuwa ndefu, ikawachukua hadi kileleni, na kutoka hapo yeye naye akaanza kueleza ya kwake.

Sidai kwamba baiskeli ni dawa ya kila jambo. Askari aliyerudi na usiku usio na usingizi, au anayeshtuka kwa kila kishindo, au aliyeanza kutafuta faraja katika chupa, huyo na amwone daktari wa kikosi chake mapema, wala asione haya, kama asivyoona haya kutibiwa mguu uliovunjika. Lakini ugeni wa kawaida, ule unaoingia nyumbani kwa sababu tu mtu hakuwapo, huo hutibika kwa muda wa kuwa pamoja bila ya kuharakishwa.

KWA WASIOWEZA KUFIKA KIVU

Wapo watakaosema Kivu ni mbali, au fedha haitoshi. Basi tazameni karibu nanyi. Katika mashamba ya chai zimo njia za udongo ambazo magari hupita wakati wa kuchukua majani tu. Waombeni wenye shamba ruhusa. Kando ya mabonde ya mpunga yamo matuta mapana, yaliyo tambarare, mazuri kwa mtoto anayejifunza. Na karibu kila palipojengwa lami mpya, ipo barabara ya zamani iliyojificha nyuma ya kilima, ambayo mzee yeyote wa kijiji atakuonyesha. Asubuhi moja ya Jumapili, kilomita kumi, chupa ya maji na viazi vitatu: hiyo nayo ni safari.

Kwa mama mwenye barua, ushauri wangu ni huu. Jumamosi hii mfanye usafi wa baiskeli uani, nyote watatu, na mtoto ndiye ashike spana. Jumapili mwende kilomita chache karibu na nyumbani, mwone ni nani anayechoka kwanza. Kama mambo yakienda vizuri, wiki ya pili ya likizo iwe ya Rubavu, na muwe mmerejea siku nne kabla ya baba kuripoti kikosini, ili nguo zifuliwe na miguu ipumzike.

Wasomaji wengine wenye kuijua njia isiyo na magari katika wilaya zao, na watuandikie wakitaja inapoanzia, inapoishia, na hali yake wakati wa mvua. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharagwe yasishikwe na dumuzi.